Muhanna bin Hamood, Kalamu Zake na Kalvati la Yiti

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Anayekusomeeni maneno haya ni mwanangu Maan, kwa sababu mimi ni mwanamke na niko upande wa pili wa ukuta pamoja na wafiwa wenzangu, spika imefunguliwa. Maneno ni yangu mimi, Hasina bint Hamood, dada yake marehemu. Kila mmoja wenu amepewa kijitabu chenye maneno haya haya, kwa hiyo Maan akiruka mstari mtamjua, na mimi nitamjua kabla yenu. Vijana wa nyumbani walikuwa wameshaandika wasifu mwingine, wa ukurasa mmoja, unaosema kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mpenda kila mtu. Niliusoma nikauchana. Muhanna hakuwa mcheshi, na watu aliowapenda ukiwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kidole kinabaki. Si vizuri kumzika mtu na kumwongezea uongo juu ya udongo.

Nilikuwa nimekusudia kuandika machache. Lakini juzi Jumanne makaburini, Maan aliposimama kama ilivyo ada na kuwaomba waliohudhuria wamsamehe marehemu kama aliwahi kuwakosea, Injinia Ghanim alinyanyua mkono akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Mimi nimemsamehe. Yaliyotokea Yiti yote nimeyasamehe." Watu wakaitikia Amin, na wengine wakampa mkono. Maan alirudi akanihadithia, na ndiyo sababu kijitabu hiki kimekuwa na kurasa nyingi. Anayesamehe ni yule aliyekosewa. Leo tutaelezana nani alimkosea nani katika jambo la Yiti, ili jina la ndugu yangu likae pale linapostahiki kukaa, si juu zaidi wala chini zaidi. Kuna watakaosema kusengenya ni haramu. Anayesengenywa ni asiyekuwepo. Injinia Ghanim yupo, amekaa safu ya mbele, na mto wa kuegemea amepewa.

Muhanna bin Hamood bin Saud alizaliwa Mkunazini, mjini Unguja, siku ya Jumatano tarehe 12 Mei 1948. Baba yetu, Hamood bin Saud, alikuwa karani wa forodha, na mama yetu alikuwa Balqis. Tulizaliwa wawili tu. Mama alikuwa akisimulia kwamba Muhanna alipokuwa na miaka sita alipewa chaki achezee, akapiga mstari ukumbini kutoka mlango wa mbele mpaka wa uani, halafu akalia siku nzima kwa sababu katikati mstari ulipinda. Mtoto mwingine angelizwa na njaa. Sisi tulichekeshwa na jambo lile, lakini tungelikuwa na akili tungeliogopa.

Alisoma Unguja mpaka darasa la kumi na mbili, akamaliza mwaka 1966, kisha akaingia kujifunza uchoraji wa ramani katika ofisi ya serikali ya ujenzi. Mwalimu wake alikuwa mzee mmoja wa Kigoa aliyekuwa hasemi isipokuwa kukosoa. Huko ndiko alikopewa kalamu yake ya kwanza, ile ya zamani yenye ndimi mbili za chuma na skrubu ubavuni: unaibana skrubu mstari uwe mwembamba, unailegeza uwe mnene, na wino unautia katikati ya ndimi kwa tone moja tu. Tone likizidi, imekwisha kazi ya siku nzima. Miezi sita alipiga mistari mitupu. Hakuruhusiwa kuchora hata choo. Watu wa leo wanaosema wanajifunza kazi kwa kutazama simu wiki mbili, hayo nimewaandikia wao.

Mwaka 1972 alitoka Unguja akapitia Dubai, akafika Maskati na sanduku moja, na mimi na Mama tukamfuata mwaka uliofuata. Tarehe 2 Februari 1974 aliajiriwa na ofisi moja ya wahandisi pale Ruwi, ambayo imeshafungwa zamani na jina lake halina faida kwa mtu. Ofisi ilimpa kalamu saba za mrija. Hizi zilikuwa za kisasa wakati ule: badala ya ndimi, ncha yake ni mrija mwembamba wa chuma, na kila kalamu ina unene wake wa mstari na rangi yake shingoni ili mtu asikosee. Zilitaka kuoshwa kwa maji ya vuguvugu kila Alkhamisi, na joto la hapa likizikuta wazi kwa dakika chache, wino unaganda ndani na kalamu inakuwa msumari. Marehemu aliziosha mwenyewe, akazikung'uta sikioni asikilize kama sindano ya ndani inacheza, akazijaribu kwenye ukucha wa dole gumba. Miaka ishirini na saba ukucha ule ulikuwa na vistari.

Sasa wahandisi. Nimewasikia wakisifiwa sana siku hizi, wale wa mwanzo, waliojenga nchi kwa mikono yao. Wengi wao mikono yao haikuwahi kubeba kitu kizito kuliko kikombe cha kahawa. Walikuwa wakirudi kutoka vyuo vya mbali na vyeti vilivyotiwa fremu, wakichora kwa penseli juu ya karatasi yoyote iliyo karibu, mistari imelala huku na huku, kisha wakimtupia marehemu mezani: "Muhanna, itie wino." Kutia wino, kwa maoni yao, ilikuwa kazi ya mtu aliyefeli. Hawakujua kwamba makosa yao yalikuwa yakifia pale pale mezani. Ngazi iliyopungua kipago, mlango ukifunguliwa unagonga kitanda, tangi la maji lililowekwa chini kuliko bomba, yote marehemu aliyaona wakati wa kupima, akayanyoosha bila ya kusema, na mwenye cheti akatia saini chini. Nyumbani alikuwa akiwaita "watia saini", na hapo ndipo alipokuwa mcheshi, kama mnataka kujua.

Alikuwa na mtihani wake kwa kila mhandisi mgeni. Anampa kalamu iliyojaa wino na rula, anamwambia, "Nipigie mstari mmoja, bwana." Mstari ukitoka bila ya doa, mtu huyo atasalimiwa asubuhi. Katika miaka kumi na nne walifaulu wawili. Ghanim, aliyekuja mwaka 1979, na ambaye kwao na kwetu kule Unguja ni mtaa mmoja, alijimwagia wino kwenye kanzu mpaka magotini, akacheka mwenyewe. Marehemu alirudi nyumbani akasema, "Huyu hajui kitu, lakini angalau nnamuona anacheka." Ni sifa pekee niliyomsikia akimpa, nami nimeiandika kwa sababu mimi si dhalimu.

Alhamdulillah, hakuoa kalamu. Tarehe 18 Machi 1976 alimuoa Rawya, nyumbani kwa baba yake, Al Hail. Siku ya nikaha alipopewa kalamu ya kawaida atie saini aliitazama, akairudisha, akatoa yake mfukoni. Sheikh akangoja. Kalamu ikawa imeganda. Bwana harusi akaomba maji ya vuguvugu, yakaletwa kwenye bakuli la kunawia, akaikung'uta mbele ya mashahidi na wakwe mpaka ikatoa, akaandika jina lake, kisha akakataa karatasi isikunjwe mpaka wino ukauke. Rawya alikuwa chumba cha pili akiulizia kulikoni huko nje. Aliambiwa, "Mumeo anakausha." Waliishi pamoja miaka arubaini na tisa, wakaruzukiwa Nasriya na Ayman, na Rawya anasema hajawahi kumuona akifanya jambo kwa haraka isipokuwa kusamehe watoto.

Sasa nafika Yiti. Mwaka 1984 ofisi ile ilipewa kazi ya njia ndogo ya kuingilia kijijini, mahali inapokatiza wadi. Wadi mnaijua: miezi kumi na moja ni mawe na mbuzi, siku moja ni maji. Pakahitajika kalvati, yaani mabomba makubwa ya zege chini ya njia ili maji yapite. Hesabu alizipiga Ghanim, na hesabu zake zilikuwa sahihi: mabomba matatu, kila moja upana wa milimita 1500. Marehemu akachora. Kalvati likajengwa. Lakini mabomba yaliyolazwa chini ya njia ile yalikuwa ya 900, kwa sababu mchoro uliotoka ofisini ulisema 900.

Asubuhi ya Jumapili tarehe 21 Februari 1988 mvua ilinyesha milimani. Maji hayakupata pa kupita, yakapanda juu ya njia, yakailamba ardhi kwa chini mpaka njia ikakatika. Bwana Asaad, mwenye duka dogo pale kijijini, alikuwa akirudi na pikapu yenye mikate na mitungi ya gesi. Pikapu ilipatikana siku hiyo hiyo. Asaad alipatikana siku ya pili. Aliacha mke, Masouda, na mtoto wa miaka mitatu.

Ofisini pakakaa kamati. Ghanim akaweka mezani daftari la hesabu zake, limeandikwa 1500. Akaweka na mchoro, umeandikwa 900. Akasema mchoraji amenakili vibaya, tena tazameni mwandiko. Mwandiko wa Muhanna hakuna aliyekuwa haujui, maana hakuna mwingine katika nchi hii aliyekuwa akiandika tarakimu zikasimama vile. Mkuu wa kamati akamuuliza, "Huu mkono wako?" Marehemu akajibu, "Wangu." Akaulizwa kama ana la kuongeza. Akasema hana. Tarehe 3 Aprili 1988 aliachishwa kazi. Alirudi nyumbani na zile kalamu saba katika kisanduku chao, kwa sababu hakuna mtu ofisini aliyejua kuziosha.

Mwaka ule Ghanim, aliyebaki ofisini, alipandishwa cheo. Akaendelea kupanda, akawa wa kuitwa kwenye makongamano, na leo nyumbani kwake Al Hail ana kabati la kioo lenye kalamu za zamani za kuchorea ramani, taa ndogo ndani, na wageni wanapelekwa kutazama kama vile wanapelekwa kuona mtoto mchanga. Nimeliona kabati lile katika harusi moja. Kalamu hazina hata tone la wino mkavu. Kalamu ya mtu aliyefanya kazi haiwi safi namna ile.

Marehemu akaishi kwa kuchora nyumba za watu katika chumba kimoja cha kukodi Ruwi, nyumba ambazo wengine walitia saini. Nusu ya nyumba za Ansab mnazozisifia vivuli vyake, mkono ni wake. Kompyuta zilipoenea, mwishoni mwa miaka ya tisini, wateja wakakoma mmoja mmoja. Aliajiriwa kijana aliyejifunza kompyuta miezi mitatu kukaa mlango wa pili, na siku ya kwanza kijana huyo alichora jiko lisilo na mlango. Marehemu alikwenda kumwambia. Kijana akamjibu, "Babu, ntabonyeza tu, mlango utakuja." Muhanna akafunga chumba mwaka 2001 na hakutazama nyuma.

Jambo moja hakuliacha. Kila mwaka, siku ya pili ya Idi ndogo, alikuwa akiendesha gari mpaka Yiti na halua na mfuko wa mchele, kwa mjane wa Asaad. Tulimkataza. Nilimwambia mimi mwenyewe, "Muhanna, watu wanasema kwenda kwako ndiko kunakoonyesha kosa ni lako." Akasema, "Waache waseme." Miaka thelathini na saba nilimlaumu kwa ukimya wake. Niliamini, na Rawya aliamini, kwamba kuna mtu alimchezea, na kwamba yeye ni mnyonge wa kupindukia hata kusema hawezi. Mtu akitaja Yiti nilikuwa nakaripia, ndugu yangu hakukosea. Nilikuwa nasema vile bila ya ushahidi wowote, kwa kiburi cha nyumbani tu.

Mwezi wa Novemba 2023 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Nilihamia kwake Ansab kusaidiana na Rawya. Alijifunza kula kwa mkono wa kushoto bila ya kulalamika, lakini hakukubali kuandika kwa mkono huo hata jina lake. Mwaka huu, Agosti, asubuhi moja Rawya amekwenda hospitali kuchukua dawa, aliniita.

"Hasina, lile bomba la kadibodi juu ya kabati, nishushie. Kitoe kilichomo, ukibandike dirishani."

Ilikuwa karatasi ya kazi yenyewe, ile nyeupe ya plastiki inayopitisha mwanga. Ofisi ilipofungwa mwaka 1996 karatasi zao zilitupwa uani, naye alikwenda akaichukua hii. Ulikuwa mchoro wa kalvati la Yiti. Niliibandika, jua likaipiga kwa nyuma.

"Ilipoandikwa mia tisa, tia kidole. Umeona palivyokuwa pembamba?"

"Naona. Pamekwisha kabisa."

"Pamekwanguliwa kwa wembe mara mbili. Mara ya mwanzo si mie."

Akanieleza. Yeye aliandika 1500, kama zilivyosema hesabu. Siku moja adhuhuri alikwenda kusali. Mkandarasi alikuwa amekwisha kuleta mabomba madogo, na Ghanim hakutaka kugombana naye. Akafungua mtoto wa meza wa marehemu, akatoa wembe, akaikwangua 1500, akatoa kalamu na stensili, yaani ule ubapa wenye tundu za tarakimu unazozifuatisha kwa kalamu, akaandika 900. Kila stensili ina kalamu yake, wachoraji wote wanalijua hilo kama mpishi anavyojua chumvi na sukari. Yeye akatia kalamu nyembamba kwenye stensili ya kalamu nene.

"Nlirudi nkaona," marehemu akasema. "Nkamuuliza, hii nini? Akanambia mabomba yashafika hayo, na wadi ile haiji kwa nguvu, iache hivyo hivyo."

"Ukafanya nini?"

"Nkaitazama ile tisa. Imeyumba, Hasina, imeinama, wino umeenea pembeni. Karatasi nzima safi, halafu pale pana uchafu ule. Skuweza. Nkachukua wembe nkaikwangua, nkaiandika upya kwa kalamu yake."

"Ukaandika elfu moja na mia tano."

"Nkaandika mia tisa. Ndo alotaka injinia. Mie nliona ubaya wa tisa tu."

Nilikaa kitako sakafuni, mtu wa miaka sabini na tatu. Angeliiacha ile tarakimu chafu kama alivyoikuta, kamati ingelijua kwa kutazama mara moja kwamba si mkono wake. Angeliandika 1500, bwana Asaad angeliuza mikate yake. Hakufanya hili wala lile. Alichukua kosa la mtu akalipamba, akalipa mwandiko wake mzuri, na watu wakaliamini kwa uzuri wake. Nilimwambia, "Muhanna, wewe ni mpumbavu." Akasema, "Nnajua. Tangu siku ile nnajua." Basi na nyinyi mlioko hapa jueni, kwa sababu nimeahidi jina lake litakaa pahala pake. Ndugu yangu alikuwa fundi kuliko wote waliomtuma, na ufundi wake ulimtia katika kosa ambalo mtu mwenye mwandiko mbaya asingeliweza kulifanya. Namdharau kwa hilo, na jana nililala na shati lake kifuani.

Marehemu alizidiwa Jumatatu, akafariki dunia nyumbani kwake Ansab siku ya Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, baada ya sala ya Alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na saba. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya Laasiri.

Jana alifika hapa Bi Masouda, mjane wa Asaad, ameletwa na mwanawe kutoka Yiti. Hajui Kiswahili, tulizungumza kwa Kiarabu, na maneno yake nayaandika kama nilivyoyapata.

"Alikuja siku ya arubaini ya mume wangu," akasema. "Akasimama mlangoni, hakuingia. Akaniambia, nambari niliiandika mimi kwa mkono wangu, na nilijua siyo. Sikumpa hata maji. Mwaka wa pili akaja, nikampa maji. Mwaka wa tatu nikampa kahawa. Mwaka wa tano nikamwambia, basi, nimekusamehe, usije tena. Akaja tena."

Nikamuuliza kama aliwahi kumtaja mtu mwingine.

"Jina hakunitajia. Alisema mkono wa mwanzo haukuwa wake, na kwamba mwenyewe atakuja. Nilikuwa namuuliza kila Idi, vipi, mbona haji? Ananiambia, ana shughuli, atakuja."

Jana hiyo hiyo Injinia Ghanim alimtumia Ayman ujumbe wa simu. Baada ya pole, aliomba zile kalamu saba kwa ajili ya kabati lake, ziwekwe na kadi iliyoandikwa "Kalamu za wahandisi wa mwanzo". Jibu lake ni hili, na amsamehe Ayman kwa kuchelewa. Kalamu zile hazikuwa za wahandisi. Ukiacha ule mtihani, mhandisi mmoja tu ninayemjua aliwahi kutumia mojawapo, mara moja, wakati mwenyewe anasali. Zimechukuliwa na Nasriya.

Ama ule msamaha uliotolewa makaburini, familia imekaa jana, imekubaliana kuurudisha kwa mwenyewe. Marehemu hakuuhitaji. Alikuwa ameshaupata kwa mtu mwenye haki ya kuutoa, baada ya kuufuata mwaka baada ya mwaka kwa miguu yake. Mchoro umebandikwa dirishani nyuma ya Maan. Anayetaka kutazama palipokwanguliwa ainuke atazame, mwanga wa sasa unatosha.

Marehemu ameacha mjane, Rawya, aliye edani, watoto wawili, Nasriya na Ayman, wajukuu watano, mimi dada yake, na mpwa wake Maan, ambaye amesoma yote haya bila ya kuruka, Mungu amjaalie. Mola amlaze Muhanna mahali pa raha, amrehemu na Asaad wa Yiti, na atupe sisi tuliobaki ujasiri wa kukiri wakati ulimi bado unatembea.

Bi Masouda yuko upande wetu. Nasriya anamtafsiria sikioni mstari kwa mstari, na jina la mwenye mkono wa mwanzo ameshalisikia. Mlango wa uani uko wazi, na Maan atampeleka yeyote anayetaka kumwamkia. Kutoka Al Hail mpaka Yiti ni mwendo wa kama saa moja kwa gari, lakini kutoka safu ya mbele mpaka alipokaa yeye ni hatua ishirini. Atarudi kwao baada ya Laasiri.